RUHUSA YA KUCHEZA



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita mama mmoja aliniletea ujumbe. Ana mtoto wa kiume, umri miaka tisa. Anasema: "Shekhe, huyu mwanangu nimemnunulia tableti ili asitoke nje, maana mtaani kuna maneno machafu na tabia mbaya. Lakini sasa chakula hataki, kulala hataki, nikimnyang'anya analia kama aliyefiwa. Nimwachie acheze nje? Si nitakuwa nimemtupa?"

Nilimjibu kwa ufupi faraghani. Lakini swali hili si lake peke yake, naliona katika kila nyumba ninayoingia, za wenye nacho na za wasio nacho. Leo nimeona niandike kwa urefu. Mwenye kikombe cha chai akae nacho karibu.

Tuanze na Qur'ani, kwa sababu tukianzia kwenye mazoea ya kila mtu tutagombana. Kisa cha Nabii Yusufu (a.s.) sote tunakijua. Wengi wetu tukikisoma tunakimbilia kisimani. Mimi nakuomba usimame kidogo kabla ya kisima. Wale ndugu zake walipotaka kumtoa mikononi mwa baba yao, walitafuta sababu ambayo mzazi ataikubali. Wakasema nini? Walimwomba awaachie waende naye kesho, apate kula kwa raha na kucheza. Soma aya ya 12 ya Suratu Yusuf. Kisha soma jawabu la Nabii Yaaqub (a.s.) katika aya inayofuata. Huyu ni Nabii, mtoto wa Nabii, mjukuu wa Nabii. Hakusema kwamba mwanawe hachezi. Hakusema mchezo ni upuuzi usiofaa nyumba ya utume. Alisema inamhuzunisha wao kuondoka naye, na anachelea asije mbwa mwitu akamla nao wameghafilika.

Umeona? Kilichomtia hofu hakikuwa mchezo. Ni mbwa mwitu, na ni kughafilika kwa waliopewa amana. Yaweke akilini maneno haya mawili, mbwa mwitu na kughafilika, kwa sababu jawabu la yule mama limo humo.

Na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwaje na watoto wanaocheza? Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere anaowachezea pamoja na rafiki zake. Mtume akiingia, wale wasichana wakiona haya na kujificha, yeye huwarudisha wakacheze naye. Katika Sunan ya Abu Dawud mna habari nzuri zaidi: aliona katikati ya wanasesere hao farasi aliyetiwa mbawa za vitambaa. Akauliza, farasi ana mbawa? Bi Aisha akamjibu kwamba je, hakusikia kuwa Nabii Sulayman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Ndugu yangu, mara ya mwisho wewe kukaa chini ukamsikiliza bintiyo akikueleza mchezo wake mpaka ukacheka namna hiyo ilikuwa lini?

Na Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa mtumishi wa Mtume tangu utotoni, anasimulia katika Sahih Muslim kwamba siku moja alitumwa shughuli. Njiani akapita kwa watoto wanaocheza sokoni. Mara akahisi mkono umemshika kisogo kutoka nyuma. Kugeuka, ni Mtume, na anacheka. Akamuuliza kwa upole, kwa jina la kumdekeza, kama amekwenda alikotumwa. Basi. Hakuna kofi, hakuna "mtoto mjinga wewe". Na wapo wazazi ambao mtoto akitumwa chumvi akachelewa dakika tano, anarudi anakuta fimbo imeshakatwa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, katika kitabu chake Ihya Ulumiddin ameandika mlango mzima wa malezi. Humo anasema mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri umpumzishe na taabu ya masomo, kwani kumzuia mchezo na kumchosha kwa kusoma bila kupumzika kunaufisha moyo wake na kuidumaza akili yake, mpaka atafute hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Hayo yameandikwa miaka zaidi ya mia tisa iliyopita, na mtu wa madrasa. Nayasema kwa sauti kwa walimu wenzangu wa madrasa, sisi hasa ndio tunaohitaji kuyasikia.

Sasa niwaeleze niliyoyaona.

Mimi nimekulia hapa Tanga, Ngamiani, kwenye barabara zile za namba. Miaka ya sabini mwishoni na themanini mwanzoni. Wanaokumbuka wanakumbuka: bidhaa zilikuwa adimu, sabuni tu ilikuwa kwa foleni. Mpira wa dukani hukuuona. Tulifunga matambara na mifuko ya nailoni, juu tukazungushia kamba za katani, na katani Tanga haikosekani, mpaka lile donge likawa linadunda. Hiyo ndiyo chandimu yetu. Gari lilitengenezwa kwa kopo la mafuta, magurudumu yakakatwa kwenye kandambili iliyokufa. Tiara iliundwa kwa vijiti vya chelewa na karatasi, gundi ni ugali wa jana, mkia ni kitambaa. Pia ilichongwa kwenye kipande cha mti. Asubuhi shule, mchana chuoni, na baada ya swala ya Alasiri mpaka jua linapozama uwanja ulikuwa wetu.

Nitawaeleza mchezo mmoja kwa kirefu, kombolela, kwa sababu vijana wengi wananisoma hapa na hawaujui.

Kombolela inataka kopo moja tu, la maziwa au la nyanya. Mmoja anabaki kulilinda. Mwenzake analipiga teke liende mbali, na wakati mlinzi analifuata na kulirudisha mahali pake, wengine wote wamekwishajificha: nyuma ya mapipa, chini ya mkokoteni, juu ya mwembe. Mlinzi anaanza kutafuta. Akimwona mtu, anamtaja kwa jina na kuwahi kuligusa kopo. Huyo amekamatwa, anakaa pembeni. Kazi ya mlinzi ni ngumu, maana akienda mbali kutafuta, kopo linabaki peke yake. Na ikiwa mmoja ambaye hajakamatwa atatokea mbio na kulipiga lile kopo kabla ya mlinzi kufika, basi wote waliokamatwa wako huru. Lisikilize neno lenyewe, ndani yake mna kukomboa.

Fikiri mtoto wa miaka minane anajifunza nini hapo. Amejificha vizuri, hakuna anayemwona. Angeweza kubaki pale akingoja mchezo uishe, akajisifu kuwa yeye hakukamatwa. Lakini wenzake watano wamekaa pembeni wanaangalia huku na huku, wanasubiri mtu. Anatoka. Anajua anaweza kukamatwa, na kwa nafsi yake hapati kitu, maana yeye tayari yuko huru. Anakimbia kwa ajili ya wenzake. Mimi nimesomesha darsa ya ithaar, yaani kumtanguliza mwenzako kuliko nafsi yako, kwa miaka mingi sana, na sijapata mfano wa kumweleza mtoto ulio wazi kuliko kopo lile.

Kuna jingine. Hatukuwa na refa. Ugomvi wa "nimekuona" na "hujaniona" ulikuwa wa kila siku, na ilibidi umalizwe na sisi wenyewe, haraka, kwa sababu magharibi inakaribia. Mtoto anayesema uongo alijulikana. Hakupigwa, lakini kesho yake wakigawana makundi alichaguliwa wa mwisho. Alijifunza kwamba ukweli una faida hata kabla hajafundishwa mlango wa ukweli. Kwenye simu mashine ndiyo inayokata shauri, na ukiona unashindwa unazima na kuanza upya. Hakuna wa kumwomba radhi.

Wasichana walikuwa na rede. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, wa katikati anakwepa huku anajaza chupa mchanga. Dada zetu walikuwa wepesi ajabu, na wakicheza ndani ya ua, kwa staha zao, hakuna aliyewasema. Walikuwa na mdako pia: kishimo kidogo, vijiwe ndani yake, na jiwe moja au ndimu mkononi. Unairusha ndimu juu, na kabla haijashuka umekwishavichota vijiwe vikatoka shimoni, ukaidaka. Unarusha tena, unavirudisha vyote ubakishe kimoja nje. Ni mchezo wa kukaa, wa jicho, mkono na hesabu, na mazungumzo yanaendelea. Ukuti na nyama-nyama ilikuwa ya wadogo, sina haja ya kueleza.

Na bao. Hapa nasimama kidogo kwa sababu nimeulizwa mara nyingi kuhusu hukumu yake. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sisi watoto tulichimba mashimo yetu ardhini tukatumia komwe. Katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Shafi umetajwa mchezo wa manqala, nao ni ndugu wa bao, vishimo vinavyotiwa vijiwe. Na kanuni waliyoiweka wanachuoni ni nzuri sana: wametenganisha baina ya mchezo ambao tegemeo lake ni kubahatisha, kama nardi inayochezwa kwa dadu, ambayo Mtume ameikemea kwa ukali katika hadithi iliyomo Sahih Muslim, na mchezo ambao tegemeo lake ni hesabu na fikra. Huu wa pili wameulegezea, kwa sharti usiwe na kamari, usipitishe swala, na usilete matusi. Bao ni hesabu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Lakini bao linalomfanya mtu mzima asikie adhana ya Alasiri na kusema "ngoja nimalize hii", hilo limeshatoka kwenye sharti. Wazee wa baraza mnanielewa.

Nije kwenye mbwa mwitu.

Yupo baba mmoja, ni mtu wa swala tano, kazi yake kuchukua samaki alfajiri na kuwauza. Mtoto wake ana miaka kumi na tatu. Mtoto mpole, hana kelele, hatoki nje. Majirani walimsifu baba: wewe mwanao ametulia. Kila jioni yuko chumbani na simu ya mama yake. Siku moja baba anataka kulipa mzigo, anafungua akiba yake ya kwenye simu, anakuta hamna kitu. Mtaji wote. Kijana alikuwa anabeti. Alijifunza namba ya siri kwa kumwangalia mama yake akitoa pesa, akawa anaweka mikeka ya mpira, shilingi mia tano, kisha elfu, kisha elfu kumi ili arudishe zile alizoliwa. Baba alikuja kwangu baada ya Isha, akakaa chini ya nguzo, akalia. Akaniambia: "Maalim, mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwamba huyu hachezi na wahuni wa nje."

Ndugu zangu, mbwa mwitu wa Nabii Yaaqub alikuwa nyikani. Wa kwetu yumo chumbani, na mlango tumemfungulia sisi.

Najua mtu atasema: hata michezo ya zamani ilikuwa na kamari. Ni kweli. Gololi zilichezwa kwa kulana, anayeshinda anabeba za mwenzake. Na hili wanachuoni hawakulifumbia macho. Katika tafsiri ya Ibn Kathir imepokewa kutoka kwa wanachuoni wa zama za taabiina, wametajwa Ata, Mujahid na Tawus, kwamba kila chenye kamari kimo katika maysir, hata mchezo wa watoto wa kokwa za jozi. Yaani hata gololi. Lakini tazama tofauti. Maalim wetu alipowakuta wavulana wakubwa wakilana gololi nyuma ya chuo, hakuhitaji mtaalamu wa kompyuta. Alitandika mkeka, mkeka wa kweli wa ukindu, akasema kila mtu amwage zake hapa. Zikamwagwa. Akawaambia warudishiane, kila mmoja achukue alizokuja nazo, kisha waendelee kucheza bila kulana. Dakika kumi, mambo yamekwisha, na darsa ya Suratul Maida aya ya 90 na 91 imeingia vichwani bila fimbo. Aya hizo zinatwambia shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu kwa njia ya pombe na kamari, na kutuzuia na dhikri na swala. Sasa huyo kijana wa miaka kumi na tatu, aliyemla yuko wapi? Ni nani atakayekaa naye kwenye mkeka amrudishie? Hana sura wala jina.

Sitaki kueleza hapa mambo mengine yanayoingia kwa simu hiyo hiyo, ya picha na video. Mnayajua.

Na miili yao pia ni amana. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mwaka 2020 likaongeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji kwa wastani dakika 60 kila siku za kuutumia mwili kwa nguvu. Dakika 60 ndiyo kombolela moja, na bado hawajakubaliana nani aanze kulinda.

Kwa hiyo nimwambie nini yule mama? Hofu yake ni ya haki. Mtaani kweli kuna matusi. Lakini turudi kwenye neno la pili, kughafilika. Sisi hatukucheza peke yetu. Kila nyumba ilikuwa na baraza, na kila baraza ilikuwa na mtu mzima: bibi anachambua mchele, babu anashona kofia, mjomba anasikiliza redio. Walionekana kama hawatuangalii. Ukitukana, sauti inatoka: "Wee mtoto wa fulani, nimekusikia!" na habari inafika nyumbani kabla yako. Na ule mchezo wa baba na mama, wa kupikapika mchanga kwenye vifuu, ulichezwa uani mbele ya macho ya shangazi, wakionekana wamesogea nyuma ya jiko wanaitwa mara moja. Mchezo ulikuwa na walinzi. Leo mabaraza tumeyawekea nondo, wazee tumewaweka ndani mbele ya televisheni, kisha tunalalamika kwamba mtaa umeharibika.

Ewe mama, usimtupe nje. Toka naye. Kaa kibarazani nusu saa na uzi wako au mboga zako. Mwite na mtoto wa jirani. Akitukana, mwambie pale pale kwa jina lake. Simu usiikate kwa siku moja kama anayekata mkono. Mpe kwanza kitu cha kuendea, kisha punguza. Na saa ya kuingia ndani tumeshawekewa. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo Bukhari na Muslim, Mtume ametuamrisha tuwazuie watoto inapoingia jioni, kwa kuwa mashetani hutawanyika wakati ule, na kikishapita kitambo cha usiku tuwaachie. Bibi zetu hawakuisoma hadithi hii kwa isnadi yake, lakini jua likigusa minazi ulisikia majina yanaitwa barabara nzima. Na siku za mbalamwezi, baada ya Isha, tuliachiwa tena kidogo. Tazama jinsi desturi ilivyokaa juu ya Sunna bila wenyewe kujitangaza.

Hapa kwetu tulianza jambo dogo. Uwanja tuliochezea utotoni umekwisha, umejengwa maduka, sina ugomvi na mwenye mali yake. Mahali penye mchanga wazi na kivuli pamebaki pamoja tu, ua wa nje wa msikiti, upande wa mwarobaini. Basi Jumamosi baada ya Alasiri tukawaambia watoto wa madrasa waje kucheza, wavulana siku hiyo, wasichana Jumapili pamoja na ustadhati wao.

Jumamosi ya kwanza ilinitia huzuni. Walikuja thelathini na ushei. Nikasema: "Haya, chezeni." Wakasimama. Wananiangalia. Mmoja akauliza: "Maalim, tucheze nini?" Mwingine akauliza kama kuna chaji. Wallahi sikucheka. Mtoto wa Ngamiani hajui kucheza! Ikabidi mimi na muadhini, mzee wa miaka sabini kasoro, tutafute kopo. Muadhini akalinda. Walipoelewa, ua haukutosha kwa kelele. Na Jumapili bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake alikaa chini na buibui lake, akachimba kishimo kwa kidole, akaomba ndimu. Wasichana wakamzunguka. Hajacheza mdako zaidi ya miaka arubaini, na hakuidondosha hata mara moja.

Tumeendelea hivyo tangu baada ya Mfungo Mosi. Yule kijana wa mikeka yumo. Wiki za mwanzo alikaa ukutani hataki, ameona haya. Siku moja waliokamatwa walikuwa sita na hakuna wa kuwakomboa, wakaanza kuliita jina lake. Akainuka, akakimbia, akalipiga kopo likagonga geti. Baba yake alikuwa anatawadha. Aliacha maji yanamwagika.

Sasa kuna jambo, na ndilo lililonifanya niandike leo. Katika kamati yetu wapo wazee wangu, ninaowaheshimu, wanaosema watoto wanaleta kelele na uchafu. Amepatikana pia mfadhili, Allah amlipe kheri kwa nia yake, aliye tayari kuutandaza ua wote matofali ya saruji ili magari ya waumini yapate pa kukaa siku ya Ijumaa, na geti lifungwe siku nyingine. Mzee mmoja aliniambia mbele ya watu: "Shekhe, Mtume amesema tuwaepushe watoto na misikiti yetu." Nilimjibu: "Mzee wangu, hadithi hiyo imo katika Sunan ya Ibn Majah, lakini wanachuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake. Iliyo sahihi, ya Bukhari na Muslim, ni kwamba Mtume aliswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba." Na katika Sunan ya Nasai imo kwamba alirefusha sijda mpaka masahaba wakadhani limetokea jambo, kumbe mjukuu wake amempanda mgongoni naye hakutaka kumharakisha. Na Wahabeshi walicheza na mikuki yao siku ya Idi ndani ya msikiti wenyewe wa Madina, Bi Aisha akitazama nyuma ya bega la Mtume, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim.

Nisieleweke vibaya. Sisemi watoto wakimbie kati ya safu. Ndani ya msikiti ni swala, dhikri na elimu, na swala ikikimiwa kopo linawekwa chini, hilo ndilo sharti letu la kwanza nao na wamelishika kuliko wazee wa bao. Ninazungumzia ua wa nje, saa moja na nusu kwa siku mbili za wiki. Magari yana barabara nzima. Mtoto anayeujua msikiti kwa furaha ya Jumamosi anaujua njia ya Ijumaa. Na watoto hao hao, adhana ya Magharibi inapoadhiniwa, wanakwenda kwenye bomba kutawadha wakiwa na mchanga magotini, safu mbili za nyuma zinajaa. Kabla ya hapo Magharibi ya Jumamosi tulikuwa safu moja na nusu.

Mzee hakunijibu siku ile. Akasema litajadiliwa. Ni haki yake, na shura ni Sunna.

Kikao cha kamati na waumini ni Jumapili hii baada ya swala ya Adhuhuri, hapo hapo msikitini. Wazazi wa mtaa wetu mnaosoma hapa, akina baba kwa akina mama, njooni. Akina mama mtakaa upande wenu na sauti zenu zitasikika, nimeshalizungumza na katibu. Yule mfadhili nimempigia jana, amekubali kuja kuwaangalia watoto Jumamosi kabla ya kikao. Muadhini ameahidi kuleta kopo jipya, la zamani limetoboka.

Walio mbali, niandikieni hapa chini: kwenu kombolela mliiitaje, na watoto wenu wanachezea wapi?

Wabillahi tawfiiq.